Maswali Anayoulizwa Mtafuta Kazi

Mtu aliyeomba kazi akaitwa kuonana na mwajiri amekwisha kuwapita wengi ambao barua zao hazikujibiwa. Hata hivyo wengi hushindwa hapo, si kwa kukosa elimu, bali kwa kuwa hawakufikiri mapema watakayosema. Nayo maswali si siri. Karibu kila mwajiri huuliza yale yale.

La kwanza kwa kawaida ni hili: "Tueleze habari zako." Mwombaji huanza na kijiji alichozaliwa na idadi ya ndugu zake, mambo ambayo hayakuulizwa. Anayetafuta karani wa ghala ataka kujua kama mtu huyu amewahi kushika daftari, kuhesabu magunia yaingiayo na yatokayo, na kutambua hesabu zisipolingana. Dakika mbili zatosha. Hata asiyewahi kuajiriwa ana la kusema: kijana aliyetunza fedha za kikundi cha kuweka akiba, au aliyeuza mboga sokoni akaandika mapato yake kila jioni, amefanya kazi ya hesabu, na yafaa aseme hivyo bila haya.

Akiulizwa kwa nini aitaka kazi hii, asijibu kwamba ana shida. Ni kweli, lakini wote waliokaa nje wakingoja zamu yao wana shida. Na alisome tena tangazo la kazi, kisha aonyeshe ni sehemu gani anayoiweza.

Swali gumu ni kwa nini aliiacha kazi ya kwanza. Amtukanaye bwana wake wa zamani humtia shaka huyu mpya. Uongo ni hatari zaidi, maana simu moja tu yaweza kuufichua. Kama alifukuzwa kwa kuchelewa, aseme hivyo kwa maneno machache, aeleze na alivyojirekebisha.

Kuhusu mshahara, aulize mapema kazi kama hiyo hulipwa kiasi gani, apige hesabu ya nauli na kodi ya nyumba, ndipo ataje kiasi.

Yako pia maswali yasiyostahili. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 5, yamkataza mwajiri kumbagua mtafuta kazi kwa sababu ya asili yake, dini, ulemavu au mimba. Mwanamke aulizwaye kama ana mimba aweza kujibu kwa upole kwamba yuko tayari kuifanya kazi iliyotangazwa. Na mtu akidai "chai" ili jina lipite, asipewe: kwa Sheria ya Hongo ya mwaka 2016, atoaye na apokeaye wote wana hatia.

Majibu haya yasikaririwe kama wimbo. Afadhali yasemwe kwa sauti nyumbani, mbele ya ndugu atakayejifanya mwajiri na kumkatiza maneno. Mwishoni mwombaji huulizwa kama ana swali. Yafaa aulize kazi itaanza lini, na majibu yatatolewa kwa njia gani.