Somo la Ufundi: Kuongeza Uwezo wa Kuchaji Bila Waya kwenye Simu Yako

Katika soko la Emali, simu ni mfuko wa pesa. Tangu M-Pesa ilipoanzishwa mwaka wa 2007, muuza nyanya, mchuuzi wa mbuzi na dereva wa bodaboda wamezoea kulipwa kwa simu. Simu ikizima, biashara nayo husimama. Na sehemu ya simu inayochoka mapema mara nyingi ni tundu la chaji. Waya huingizwa na kutolewa kila siku, na vumbi la Barabara ya Mombasa na la njia ya Loitokitok hujishindilia ndani yake.

Kuna kifaa chembamba, karibu ukubwa wa kadi ya kitambulisho, kinachobandikwa mgongoni mwa simu ili ichajiwe bila kuchomekwa waya kila mara. Kifaa hicho huitwa kipokezi. Wengi hukinunua wakitumaini kwamba kitafufua simu ambayo tundu lake limekufa. Hakiwezi. Somo hili linaeleza kinavyofanya kazi, namna ya kukifunga, na namna ya kujua kama kitakufaa kabla hujatoa pesa zako.

UMEME HUPITAJE BILA WAYA?

Itazame transfoma iliyo juu ya nguzo ya umeme. Ndani yake mna misokoto miwili ya waya isiyounganishwa. Umeme unaobadilika-badilika katika msokoto wa kwanza huzalisha nguvu ya sumaku, na nguvu hiyo huamsha umeme katika msokoto wa pili. Michael Faraday, mwanasayansi wa Uingereza, alilionyesha jambo hili mwaka wa 1831.

Chaja isiyo na waya ni kama transfoma ndogo iliyogawanywa vipande viwili. Msokoto mmoja umo ndani ya kibao cha kuchajia kilicho mezani, na wa pili uko mgongoni mwa simu. Ukilaza simu juu ya kibao, misokoto inakaribiana na umeme unavuka.

Ili kibao cha kampuni moja kiweze kuchaji simu ya kampuni nyingine, makampuni yaliunda muungano wa Wireless Power Consortium mwaka wa 2008. Kanuni yao inaitwa Qi, na hutamkwa "chi". Apple iliiingiza katika iPhone 8 mwaka wa 2017. Simu nyingi za bei nafuu hazina msokoto huo ndani yake. Kipokezi ndicho kinachouongeza.

KWANZA, LIPIME TUNDU LAKO

Kipokezi cha kubandika kina mkia mwembamba wenye plagi ndogo, na plagi hiyo huingia katika tundu lilelile la chaji. Kwa hiyo umeme bado unapita kwenye tundu. Faida yake ni kwamba plagi inakaa mahali pamoja: tundu halichokozwi kila siku na vumbi haliingii kwa wingi. Kipokezi hulinda tundu lililo hai. Hakifufui lililokufa.

Fanya majaribio haya matatu kabla ya kununua chochote:

1. Zima simu. Toa vumbi ndani ya tundu polepole kwa kijiti cha meno cha mbao au brashi kavu. Usitumie sindano wala pini, na usitie maji. Usipulize kwa mdomo, kwa maana pumzi ina unyevu. Simu nyingi zinazodhaniwa zimeharibika hupona hapa.

2. Jaribu waya mwingine na kichwa kingine cha chaja ambavyo una hakika ni vizima.

3. Chomeka waya, kisha uutikise kidogo sana. Simu ikichaji bila kukatika, tundu ni zima na kipokezi kitafanya kazi. Ikichaji na kukatika, tundu limelegea. Kipokezi kinaweza kukusaidia kwa muda, lakini usikitegemee. Isipochaji kabisa, usinunue kipokezi.

Katika hali hiyo ya mwisho, muulize fundi kama tundu la simu yako liko kwenye bodi ndogo ya chaji inayoweza kubadilishwa peke yake. Simu nyingi za bei nafuu zimeundwa hivyo. Kubadilisha bodi hiyo ndiyo tiba halisi.

VIFAA UNAVYOHITAJI

- Kipokezi cha Qi chenye plagi inayolingana na tundu lako. Kwa tundu la USB-C jambo ni rahisi. Kwa tundu la zamani la micro-USB, vipokezi huja vya aina mbili kulingana na upande mpana wa tundu: kuna simu ambazo upande huo unaelekea kioo na nyingine unaelekea mgongo. Beba simu yako unapoenda kununua.
- Kibao cha kuchajia cha Qi.
- Kichwa cha chaja cha volti 5 na ampea 2 au zaidi. Kichwa chenye nguvu ndogo hufanya kibao kikatekate.
- Kava nyembamba ya plastiki au mpira.

Simu yenye mgongo wa chuma haifai kwa kazi ya kununua bila kujaribu. Kipokezi kina utando wa kuzuia sumaku isifike kwenye chuma, lakini utando ukiwa duni, chuma hicho hupata moto na chaji hupungua.

HATUA ZA KUFUNGA

1. Zima simu, itoe kava na upanguse mgongo wake kwa kitambaa kikavu.
2. Chomeka plagi ya kipokezi kwenye tundu, kisha ukunje mkia taratibu uelekee mgongoni. Usiukunje kwa ncha kali, kwa sababu nyuzi zilizomo hukatika.
3. Laza kipokezi katikati ya mgongo. Upande wenye alama ya msokoto uelekee nje, yaani kwenye kibao.
4. Usikigandishe bado. Kishikilie kwa utepe kidogo, washa simu, uilaze juu ya kibao. Alama ya chaji inafaa kuonekana baada ya sekunde chache. Isipoonekana, sogeza simu kidogo kidogo. Kwa USB-C, unaweza pia kuitoa plagi na kuigeuza, kwa kuwa baadhi ya vipokezi hufanya kazi upande mmoja tu.
5. Iache ichaji kwa nusu saa huku ukiitazama. Vuguvugu ni kawaida. Ikiwa moto kiasi cha kukusumbua mkononi, iondoe.
6. Ukiridhika, bandika kipokezi na urudishe kava. Kumbuka kwamba umbali unaovukwa na umeme ni milimita chache tu. Kava nene, au kava yenye pete ya chuma, huzuia chaji.

Jambo moja la kuzingatia: plagi ikiwa ndani, huwezi kutumia tundu kwa vipokea sauti wala kuhamisha picha kwa waya mpaka uitoe.

HESABU YA MUDA NA UMEME

Betri ya milliampea-saa 5,000 yenye volti 3.85 hubeba takriban wati-saa 19. Vipokezi vingi vya kubandika hutoa wati 5, na hapo ni pale misokoto inapolingana vizuri. Gawanya 19 kwa 5: ni karibu saa 4 hata kama hakuna kinachopotea. Tarajia saa 5 au zaidi. Chaja ya waya ya wati 10 ingemaliza kazi hiyo kwa takriban nusu ya muda huo. Kipokezi basi kinamfaa anayechaji usiku akiwa karibu nayo, au muuza duka ambaye simu yake hulala juu ya meza. Hakimfai dereva mwenye dakika 20 za kungoja abiria.

Wanaotumia sola wahesabu zaidi. Tukikadiria kwamba theluthi moja ya umeme hupotea njiani kwa kuwa joto, betri hiyo itahitaji karibu wati-saa 29. Paneli ya wati 10 ikipigwa na jua kali kwa saa 5 haiwezi kutoa zaidi ya wati-saa 50. Simu moja itakuwa imekula zaidi ya nusu ya umeme wa siku, na taa za watoto kusomea usiku zitapungukiwa. Nyumba ya sola ndogo ni heri itumie waya.

KUFUNGUA SIMU NI KAZI YA FUNDI

Wapo wanaofungua mgongo wa simu na kulehemu kipokezi moja kwa moja kwenye bodi ili plagi isionekane. Kazi hiyo inawezekana, lakini si ya kujaribia mezani nyumbani. Kabla ya kumkabidhi fundi, mweleze mambo haya na usikilize jibu lake:

- Nyaya za kipokezi ziungwe mahali ambapo umeme wa tundu huingilia, zisiungwe kamwe kwenye betri. Kipokezi hutoa volti 5, na betri ya simu hujaa kwenye volti 4.2 hadi 4.5 hivi. Sakiti ya chaji ya simu ndiyo hupunguza umeme na kuukata betri inapojaa. Ukiiruka sakiti hiyo, betri inaweza kuwaka.
- Betri itenganishwe na bodi kabla ya kulehemu.
- Baada ya kazi hiyo, usichaji kwa waya na kwa kibao kwa wakati mmoja, isipokuwa fundi ameweka kizuizi cha umeme kurudi nyuma.
- Simu iliyofunguliwa haizuii tena maji kama awali, na waranti yake huenda ikafutika.

Kumbuka pia kutoa laini yako kabla ya kuacha simu kwa fundi, na usimpe mtu yeyote PIN yako ya M-Pesa. Fundi haihitaji ili kurekebisha chaji.

USALAMA NYUMBANI

Betri iliyovimba haichajiwi kwa njia yoyote. Ukiona mgongo umeinuka au kioo kimesukumwa, zima simu na uipeleke kwa fundi. Usiitoboe betri wala kuitupa kwenye shimo la takataka au moto. Usiweke sarafu, funguo au kadi ya benki kati ya simu na kibao. Usichajie juani wala juu ya dashibodi ya gari, kwa sababu betri za aina hii hazifai kuchajiwa joto lake likipita nyuzi 45. Usichajie chini ya mto au juu ya godoro. Simu ikitoa moshi, zima umeme kwenye soketi kwanza, ondoa watu, na upige 999 au 112 ikiwa moto umeshika.

Vijana wanaotaka kuifanya kazi hii kuwa riziki wasiishie kwenye kubahatisha. Chini ya Katiba ya 2010, vyuo vya ufundi vya vijijini ni jukumu la serikali za kaunti. Ulizia katika ofisi ya wadi yako kuhusu mafunzo ya umeme na elektroniki.

JIPIME

1. Tundu la simu ya jirani yako halichaji kwa waya wowote. Je, kipokezi cha kubandika kitamsaidia?
2. Kwa nini kipokezi hakiunganishwi moja kwa moja kwenye betri?
3. Simu ilikuwa ikichaji vizuri bila kava, na sasa ikiwa na kava haichaji. Utaangalia nini kwanza?

Majibu: (1) Hapana, umeme wa kipokezi hupita kwenye tundu hilohilo. (2) Kwa sababu umeme wake ungeruka sakiti inayodhibiti chaji, na betri inaweza kuwaka. (3) Unene wa kava, na kama ina chuma au sumaku ndani yake.