Kibofu Kinachouma Siku Zote

Ndugu mtumikaji, na wewe bibi unayesoma nyumbani, leo tuzungumze juu ya ugonjwa ambao watu wanauficha kwa haya.

Kuna kibofu cha mkojo kinachouma zaidi ya juma 6. Kinauma kikijaa, kinatulia kidogo ukienda chooni, halafu kinaanza tena, mchana na usiku. Kwanza njoo dispensari, mkojo upimwe. Ukiona damu, usingoje hata siku moja: inaweza kuwa bilharzia, au vijiwe, au jambo kubwa zaidi. Kama kuna mikrobi, munganga atakupa dawa, nawe uimalize yote.

Lakini wako watu ambao mkojo wao umepimwa mara mbili, mara tatu, mikrobi haionekani, na maumivu yapo. Hao wanakwenda sokoni kununua vidonge vya rangi mbili. Mnavijua! Vile vinaua mikrobi. Pasipo mikrobi vinaharibu tumbo na pesa tu. Tena bwana anamwuliza bibi yake: «Ugonjwa huu umeutoa wapi?» Hakuutoa popote. Si kisonono, na hauambukizi mtu. Maneno ya namna hiyo yanakaza misuli ya chini ya tumbo, na maumivu yanazidi.

Tufanyeje? Muuguzi anatunza mtu mzima, si kibofu peke yake. Kwa juma moja andika katika kaye saa uliyokojoa, ulichokula na kunywa, na maumivu kutoka 0 mpaka 10. Kwa wengi adui ni kahawa, pombe, pilipili, ndimu au tomati. Jaribu kuacha kimoja kimoja. Ukiacha vyote pamoja utabaki na bukari tupu.

Maji usiache! Watu wa shimoni wanaacha kunywa ili wasitafute choo, basi mkojo unakuwa mkali na kuchoma kibofu. Kunywa kidogo kidogo zamu yote.

Ukiumwa, funga chupa ya maji ya moto katika kitambaa, uiweke chini ya kitovu dakika 15. Pumua polepole, tumbo lilegee. Siku ya nafuu, ukisikia haja, ngoja dakika 5 kabla ya kwenda. Juma linalofuata, 10. Siku ya maumivu makali usijilazimishe. Choo kigumu nacho kinasukuma kibofu: kula sombe na mapapai.

Nafuu inakuja kwa miezi, si kwa siku. Bwana na bibi waje pamoja dispensari, na kaye mkononi. Tutaisoma pamoja.