Kubadili Makasia ya Mpira na Kikwangulio cha Mashine ya Theluji

Aghalabu mtu aonapo mashine yake ndogo ya kurusha theluji inakwenda kwa kusukumwa na kuacha utando mweupe nyuma yake, huitia injini hatiani. Hununua plagi mpya, humwaga petroli ya mwaka jana, huchokonoa kabureta, na hatimaye huitangaza kuuzwa, ilhali injini haina kosa lolote, na kilichokwisha ni mipira iliyofungwa kwenye mhimili wa mbele. Jirani yangu mmoja hapa Minneapolis, mtu wa Bukavu, alinijia na kauli hiyo hiyo. "Kaka, injini imechoka, naiuza," akasema. Nilimsihi tuiinamishe kwanza tuitazame kinywani, na mara tulipoiegemeza juu ya mikono yake ya kusukumia, ukweli ulikuwa dhahiri: kingo za mipira zimelika, na nyuzi za kitambaa kilichofumbatwa ndani ya mpira zinachomoza.

Mashine kubwa, zile za hatua mbili, zina parafujo la chuma la kukusanya theluji na feni ya pili nyuma yake ya kuirusha. Hii yetu ya hatua moja hutegemea kiungo kimoja tu, yaani mhimili uzungukao kwa kasi ukiwa na makasia ya mpira, ambayo hugusa ardhi, huchota theluji, na papo hapo huitupa nje kwa bomba la juu. Na kwa kuwa ni makasia hayo hayo yanayoikamata ardhi na kuivuta mashine mbele, yakilika hata kidogo mtu hupoteza mambo mawili kwa mpigo, nguvu ya kurusha na nguvu ya kwenda. Huwa kama mvuvi aliyekatikiwa ncha ya kasia, anayepapasa maji juu juu na ngalawa isiende. Nyuma ya makasia, chini kabisa, kuna kikwangulio, ubao mwembamba wa plastiki ngumu unaoburuzika sakafuni na kuirudisha mbele theluji iliyoponyoka. Chenyewe nacho hulika, tena upesi zaidi kwa wenye njia za zege lenye chembechembe kuliko kwa wenye lami laini.

Huo utando unaobaki si jambo la kupuuzwa. Mji huu hupata kwa wastani takriban sentimita 130 za theluji kwa mwaka, na sheria yake humtaka mwenye nyumba asafishe njia ya waenda kwa miguu mbele ya nyumba yake katika muda wa saa 24 tangu theluji ikome. Theluji iliyoachwa nyembamba hukanyagwa, hushindiliwa, na usiku hugeuka barafu. Na baridi ikishapita nyuzi 9 chini ya sifuri, chumvi ya kawaida huwa haifui dafu mbele yake. Ndiyo maana mimi huona afadhali kutumia alasiri moja kwa spana kuliko kushinda majira mazima na chepe na mfuko wa chumvi.

Wakati wa kazi hii ni mwezi wa Oktoba, tena mapema. Wenyeji wa Minnesota hawajasahau dhoruba iliyoanza tarehe 31 Oktoba 1991, ikaushushia mji huu inchi 28.4 za theluji kabla haijatulia, wakati ambapo watu wengi walikuwa bado wanakusanya majani. Makasia mengi yana tundu dogo karibu na ukingo, lililotobolewa na watengenezaji kwa makusudi: maadamu tundu lingali duara kamili, kasia lina uhai, ukingo ukilifikia, duara likafunguka, muda umewadia. Kununua ni rahisi kwa mwenye kuandika namba ya modeli iliyo kwenye kibandiko cha mashine, kwani makasia ya modeli mbili zinazofanana kwa sura huweza kutofautiana matundu. Nunua makasia na kikwangulio kwa pamoja. Wapo wanaobadili kimoja na kukiachia kingine kimalizike. Mimi sioni maana yake, kwa sababu makasia mapya mbele ya ubao uliokwisha huacha utando ule ule, na gharama ya vyote viwili ni sehemu ndogo sana ya bei ya mashine mpya.

Kabla ya kugusa chochote, zima injini, toa ufunguo, kisha chomoa waya wa plagi na uusogeze mbali usije ukarudi wenyewe. Kuzima peke yake hakutoshi, kwani mkanda huweza kubaki na mvuto, na mhimili ukaruka ghafla ukiushika. Petroli iache iishe kwa kuunguruma, au uinyonye, maana mashine itainamishwa. Na uinamishe nyuma au mbele, usiilaze ubavu, mafuta ya injini yasije yakapenya yasipotakiwa.

Sasa kazi yenyewe, ambayo ugumu wake wote umo katika kutu. Bolti za makasia hukaa majira mazima katika maji ya chumvi ya barabarani, na nati zake zina pete ya nailoni ndani ili zisilegee, kwa hiyo hukaza pande zote mbili. Zinyunyizie mafuta ya kulegeza kutu usiku wa kuamkia kazi. Mashine za Marekani hutumia vipimo vya inchi, na aghalabu spana za 3/8, 7/16 au nusu inchi hukutosheleza. Tumia soketi ya pembe sita, wala si ya pembe kumi na mbili, ambayo hukwangua kichwa cha bolti kikawa mviringo, na hapo utaitafutia msumeno. Fungua kasia moja tu, liweke sakafuni jinsi lilivyokaa, ufunge jipya mahali pake kwa kulitazama la kale, kisha ndipo uende kwa la pili. Makasia yana upande wa kuingia na upande wa kutoka, na mkunjo wake hudanganya jicho la mtu aliyeyafungua yote kwa pamoja.

Mpira mpya ni mgumu, hasa katika gereji yenye baridi. Uloweke katika maji ya moto kidogo, utanyumbulika. Tia bolti zote kwa mkono kwanza, bila kukaza, mpaka kila tundu limeonana na mwenziwe, ndipo ukaze kuanzia katikati kuelekea ncha. Nati za kale zitupe, kwani nailoni iliyokwisha kufunguliwa hushika kwa unyonge. Kikwangulio hufuata, mashine ikiwa imeinamishwa mbele: skrubu zake ni chache, na zisikazwe kwa hasira, plastiki hupasuka.

Ukiwa umevaa glovu, na waya wa plagi ungali nje, zungusha mhimili pole pole kwa mkono. Makasia mapya yakigusa ganda kidogo si neno, yatajisawazisha. Yakikwama, kuna upande uliogeuzwa. Tazama na mkanda chini ya kifuniko cha ubavuni, kwa vile mashine iko tayari mkononi mwako, na kama umepasuka au unang'aa kwa kuteleza, ubadilishe sasa. Baada ya theluji ya kwanza, chomoa tena waya na ukaze upya kila nati, maana mpira hushindilika chini ya vichwa vya bolti na kuzilegeza.