UNYEVU WA GHALANI WAWEZA KUDHURU INI

Kila baada ya mavuno sisi wauguzi huulizwa: "Mahindi tuliyaanika yakakauka, mbona yameota ukungu ghalani?" Jibu limo katika hewa yenyewe.

Hewa hubeba maji

Hewa hubeba maji kwa namna ya mvuke usioonekana. Hewa ya joto hubeba maji mengi, hewa ya baridi hubeba machache. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi joto 30 yaweza kubeba hadi gramu 30 hivi za maji. Ikipoa hadi nyuzi 20, haiwezi kubeba zaidi ya gramu 17 hivi. Maji yanayozidi hugeuka matone. Ndivyo umande unavyopatikana majanini alfajiri.

Ghalani hutokea vivyo hivyo. Mchana bati hupata moto, nayo hewa ya ndani hunyonya maji kutoka kwenye punje. Usiku bati hupoa, matone hujikusanya chini yake na kudondokea magunia. Magunia yanayogusa ukuta au sakafu baridi nayo hulowa. Hapo kuvu huota.

Hatari yake

Baadhi ya kuvu hutoa sumu iitwayo sumukuvu, au aflatoksini. Anayeila kwa wingi huumwa tumbo, hutapika, macho huwa ya manjano na tumbo huweza kujaa maji, kwa sababu ini limeharibika. Anayeila kidogo kidogo kwa miaka mingi aweza kupata kansa ya ini. Mwaka 2004 nchini Kenya waliugua watu 317, na 125 kati yao walikufa. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu hapa Tanzania, katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kupika hakuiondoi.

Mambo ya kufanya

1. Anikeni mahindi juu ya turubai au mkeka, si ardhini. Yatandazeni umande ukishakauka, yaanueni kabla jua halijazama.

2. Msiyafunge katika magunia yakiwa bado na joto la jua. Yaacheni yapoe kwanza.

3. Yapimeni. Tieni punje kiasi katika chupa kavu ya kioo pamoja na chumvi kavu, mfunge na kutikisa, kisha mngoje dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kioo, anikeni tena.

4. Pangeni magunia juu ya chaga, mbali na ukuta.

5. Fungueni madirisha ya ghala mchana wa jua. Yafungeni jioni na siku za mvua.

6. Ondoeni punje zenye ukungu, zilizovunjika au zilizobadilika rangi. Zisisagwe kwa uji wa mtoto, zisipikiwe pombe, wala asipewe ng'ombe, kwa maana sumu hupita hadi kwenye maziwa.

Twajua kutupa debe la mahindi kunauma, hasa mwaka wa njaa. Lakini ini likiharibika halinunuliwi sokoni. Mkimwona mtu ana macho ya manjano baada ya kula mahindi yaliyoota ukungu, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo. Chukueni na mahindi kidogo ya aina aliyokula, na jamaa wengine nyumbani waache kuyala.