Kazi Inapomfuata Mtu Kijijini

Tangu zamani mtu ndiye aliyeifuata kazi. Kijana aliyemaliza masomo alikiacha kijiji, akaenda mashamba ya mkonge, bandarini, migodini au katika ofisi za mjini, kwa kuwa kazi yenyewe haikuweza kutoka mahali ilipokuwa. Maendeleo ya mawasiliano yameleta swali jipya: je, kazi nayo yaweza kumfuata mtu alipo? Somo hili linalichunguza swali hilo kwa vipimo, ili ibainike ni kazi zipi ziwezazo kusafiri, kwa njia gani, na kwa masharti gani.

Mfano wa Vemdalen

Mwaka 1985, katika kijiji cha Vemdalen nchini Uswidi, kilifunguliwa kituo cha mawasiliano ambacho baadaye kiliigwa na nchi nyingi. Mwanzilishi wake alikuwa Henning Albrechtsen. Kijiji hicho kimo katika wilaya ya Härjedalen, nchi ya misitu na milima, yenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 11,000 na wakazi wapatao 10,000 tu. Yaani, hata mtu mmoja kwa kila kilomita ya mraba hafiki. Mashine za kukatia miti zilikuwa zimepunguza ajira ya misituni, na vijana walikuwa wakihama.

Kituo kiliwekewa kompyuta na vifaa vya kupelekea maandishi kwa waya wa simu. Wenyeji walifundishwa kuvitumia, ili waweze kufanya kazi za ofisi za mbali bila kuhama kwao. Wazo hilo lilienea. Nchini Hungaria kituo cha namna hiyo kilianzishwa katika kijiji cha Csákberény mwaka 1994. Nchini Tanzania, mwanzoni mwa miaka ya 2000, kituo cha mawasiliano cha jamii kilianzishwa Sengerema, ng'ambo ya ghuba ya Ziwa Viktoria kutoka mjini Mwanza.

Uzito wa kazi

Mzigo wa pamba hupimwa kwa kilo; mzigo wa habari hupimwa kwa biti. Biti ni alama ndogo kuliko zote za habari, nayo huwa ama sifuri ama moja. Katika mitambo ya simu ya miaka ya 1980, herufi moja aghalabu ilipelekwa kwa biti 10, zikiwamo zile za kuonyesha mwanzo na mwisho wa herufi. Ukurasa wenye herufi 2,000 ulikuwa basi na biti 20,000. Waya uliopitisha biti 1,200 kwa sekunde uliweza kuufikisha ukurasa huo kwa sekunde 17 hivi. Kitabu cha kurasa 300 kingechukua muda wa saa moja na dakika 23.

Linganisha na sauti. Simu ya kidijitali ya kawaida hutumia biti 64,000 kwa sekunde. Dakika moja ya mazungumzo ina biti 3,840,000, sawa na kurasa 192 za maandishi. Kwa hiyo kazi za kupiga chapa, kutafsiri na kutunza hesabu ni nyepesi, nazo zilipita hata katika njia nyembamba. Kazi za sauti na picha ni nzito, nazo hutaka njia pana. Kazi ya kuponda mawe au kumkanda mgonjwa haina uzito wowote katika kipimo hiki, kwa sababu haisafiri kabisa.

Kuchelewa kwa habari

Upana wa njia si kipimo pekee. Hadi mwaka 2009, pwani ya Afrika Mashariki haikuwa na waya wa nyuzi za kioo uliopita baharini, na habari nyingi zilipitia setilaiti zilizo juu ya ikweta, kimo cha kilomita karibu 36,000. Kupanda na kushuka ni kilomita 72,000. Mawimbi ya redio huenda kilomita 300,000 kwa sekunde. Hivyo neno huchukua sekunde 0.24 kufika, na jibu huchukua muda kama huo kurudi. Jumla ni karibu nusu sekunde. Mfasiri hatambui kuchelewa huko. Lakini mtu ahudumiaye wateja kwa simu hutaabika, maana wazungumzaji hukatizana maneno.

Mwaka 2009 nyaya za baharini zilifika Mombasa na Dar es Salaam. Mwanga ndani ya kioo huenda kilomita 200,000 kwa sekunde, na safari ya kilomita 10,000 huchukua sekunde 0.05 tu. Siku hizi zimo pia setilaiti zizungukazo dunia kwa kimo cha kilomita 550 hivi, ambazo kupanda na kushuka kwake hakufiki hata sekunde 0.004. Kwa vijiji vilivyo mbali na nyaya, hiyo ni hatua kubwa.

Mafiga matatu

Hata hivyo, chungu hakikai juu ya figa moja. Figa la kwanza ni njia ya habari pamoja na umeme. La pili ni ujuzi: lugha, hesabu, na uaminifu wa kumaliza kazi kwa wakati. La tatu ni mteja mwenye kazi na mwenye kulipa. Baadhi ya vituo vya Skandinavia vilifungwa ruzuku zilipokwisha, ingawa mashine zake zilikuwa nzima; kilichopungua ni wateja. Serikali yaweza kununua kompyuta kwa siku moja, lakini mteja hupatikana kwa kutafutwa na kuaminishwa.

Tena, ikumbukwe kuwa njia ileile iletayo kazi kijijini huleta na washindani. Kazi iwezayo kufanywa na mtu yeyote popote hushindaniwa na watu wa dunia nzima, na ujira wake hushuka. Aliye salama zaidi ni yule ajuaye jambo ambalo wengine hawalijui: lugha ya kwao, mazao ya kwao, ardhi ya kwao. Ndiyo maana elimu ya kijiji chenyewe isidharauliwe shuleni.

Mazoezi

1. Mfasiri ana kitabu cha kurasa 120, kila ukurasa una biti 20,000. Njia yake hupitisha biti 9,600 kwa sekunde. Kitabu kitafika baada ya muda gani?

2. Taja kazi kumi zifanywazo katika wilaya yenu. Zigawe katika mafungu matatu: nyepesi kusafiri, nzito kusafiri, na zisizosafiri.

3. Jadilini: katika kijiji chenu, ni figa lipi linalokosekana, na nani awezaye kulileta?