Ruta ya Nyumbani na Tabia ya Mawimbi

Mwaka 2009 mkongo wa SEACOM uliolazwa chini ya bahari ulifika Dar es Salaam. Habari zinazotoka ng'ambo kwa mikongo ya namna hiyo husafiri zikiwa mwanga ndani ya nyuzi za kioo, kisha Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano huzisambaza mikoani. Hata hivyo, mwalimu aliyeko kata ya Magamba, katika Manispaa ya Mpanda, aweza kukaa chumbani mwake akingojea kitabu kutoka maktaba ya mtandaoni ya Taasisi ya Elimu Tanzania, na kitabu kisifunguke. Habari imevuka maelfu ya kilomita, ikakwama katika mita kumi za mwisho.

Aghalabu mtu aliyepatwa na hali hiyo hununua bando kubwa zaidi, au ruta ya bei kubwa zaidi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba fedha hizo mara nyingi hupotea bure, kwa sababu kasoro huwa katika kuta, mabati na mahali ruta ilipowekwa.

Safari mbili

Ruta inayotumia laini ya simu hushughulikia safari mbili tofauti. Safari ya kwanza ni kutoka mnara wa simu hadi kwenye ruta. Safari ya pili ni kutoka kwenye ruta hadi simu au kompyuta ya mtumiaji, kwa njia ya waifai. Kabla ya kutumia hata shilingi moja, ni lazima kujua ni safari ipi iliyo na kasoro. Keti mita moja kutoka kwenye ruta. Ikiwa intaneti ni nzito hapo pia, tazama kwanza safari ya kwanza. Ikiwa ni nyepesi hapo lakini nzito chumbani, kasoro imo katika safari ya pili, na bando kubwa halitaiondoa.

Nguvu hupoteaje?

Mawimbi ya redio, ambayo Heinrich Hertz aliyathibitisha kwa majaribio nchini Ujerumani kati ya mwaka 1886 na 1888, husafiri kwa mwendo wa mita 300,000,000 kwa sekunde. Ukigawanya mwendo huo kwa masafa, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde, unapata urefu wa wimbi. Waifai ya gigahetsi 2.4 ina wimbi la sentimita 12.5.

Mawimbi hutawanyika kadiri yanavyokwenda mbali. Umbali ukizidi mara mbili, nguvu inayopokelewa hubaki robo. Wataalamu hupima upungufu huo kwa desibeli: kila desibeli 3 zinazopotea, nguvu hubaki takriban nusu, zikipotea 6, hubaki robo.

Tuchukue, kwa mfano, nyumba ya matofali ya kuchoma ambayo kila ukuta wake hupoteza desibeli 6. Mtu aliye mita 2 kutoka kwenye ruta akienda hadi mita 8 bila kizuizi chochote, nguvu hubaki sehemu 1 ya 16. Lakini akibaki karibu na kuta mbili zikasimama kati yake na ruta, hasara ni ile ile. Kuta mbili zimefanya kazi ya mita sita! Zege lenye nondo hupoteza zaidi ya hapo, na wimbi linalopita ukutani kwa mshazari huwa na njia ndefu zaidi ndani ya tofali.

Bati ni jambo jingine kabisa. Metali hairuhusu mawimbi kupita, bali huyarudisha kama kioo kinavyorudisha mwanga. Unene haujalishi sana, kwani hata karatasi nyembamba ya alumini yatosha. Ndiyo maana nyumba ya bati huweza kuwa na mtandao hafifu ndani ilhali uwanjani simu inapata vizuri: mawimbi ya mnara huingia kwa madirisha, milango na kuta tu.

Hata dirisha lataka kuangaliwa. Wavu wa mbu wa metali una matundu ya milimita chache tu, madogo mno kuliko urefu wa wimbi. Kwa hiyo wimbi huuona wavu huo karibu kama bati zima. Wavu wa plastiki hauna athari hiyo.

Kuchagua ruta

Wengi huchagua ruta kwa kuhesabu antena. Hesabu hiyo hudanganya. Nguvu ya kurusha mawimbi ya waifai huwekewa kikomo na sheria. Katika nchi nyingi kikomo cha gigahetsi 2.4 ni takriban miliwati 100. Tena mawasiliano ni mazungumzo: ruta ikipaza sauti nayo simu ina sauti ndogo, ruta haitasikia jibu. Mambo ya kuuliza dukani ni haya:

1. Je, ina masafa yote mawili, gigahetsi 2.4 na 5? Ya 2.4 hupenya kuta vizuri zaidi. Ya 5 ina kasi kubwa zaidi chumba kimoja na ruta.

2. Je, inapokea laini ya kampuni yoyote, au imefungwa kwa kampuni moja? Na je, masafa yake ya simu ni yale ya minara iliyo karibu nawe?

3. Je, ina tundu la kuunga antena ya nje? Kwa aliye mbali na mnara, tundu hili lina thamani kuliko antena nne za mapambo.

4. Inatumia umeme gani? Nyingi hutumia volti 12, hivyo betri ndogo inayotoa volti hizo huweza kuiendesha umeme ukatikapo.

5. Je, aina hiyo imeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania? Na je, ina ulinzi wa WPA2 au WPA3? Neno la siri la kiwandani libadilishwe siku ile ile.

Kuiweka mahali pake

Ikiwa safari ya kwanza ndiyo mbovu, iweke karibu na dirisha linaloelekea mnara, kisha isogeze kidogo kidogo. Mawimbi yanayorudishwa na mabati hukutana na yale ya moja kwa moja, mahali pengine yakasaidiana, pengine yakafutana. Upana wa kiganja waweza kuleta tofauti. Usiiweke juu ya dari chini ya bati, maana joto la huko huifupishia maisha.

Ikiwa safari ya pili ndiyo mbovu, isogeze katikati ya nyumba, juu ya rafu, mbali na jokofu, kabati la chuma na pipa la maji. Antena isimame wima, kwa kuwa hurusha mawimbi pembeni zaidi kuliko juu na chini. Majirani wakiwa na ruta nyingi, chagua chaneli 1, 6 au 11, ambazo haziingiliani. Nyumba ikiwa kubwa, kifaa cha pili kiungwe kwa kebo, ambayo huweza kufika mita 100. Kirudishi kisicho na kebo hupokea na kurusha kwa zamu; kikitumia chaneli moja kwa kazi zote mbili, kasi hupungua karibu nusu.

Zoezi la darasani

(a) Kokotoa urefu wa wimbi la gigahetsi 5.

(b) Programu ya kupima waifai yaonyesha hasi 52 sebuleni na hasi 70 chumbani, kwa desibeli. Nguvu imepungua takriban mara ngapi?

(c) Weka simu inayopokea ndani ya sufuria, ufunike, kisha uipigie. Ikiita, eleza wimbi limepitia wapi.

Majibu: (a) sentimita 6. (b) mara 64. (c) Tazama pengo kati ya mfuniko na sufuria. Kisha tazama nyumba yako, na ujiulize mapengo yake yako wapi.