Twendapo kwa Ndugu Zetu Mjini

Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, msafiri wa gari atokaye Newala na Masasi kwenda Dar es Salaam alivuka Rufiji kwa kivuko, na masika yakizidi alikwama njiani siku nyingi. Leo jamaa nzima huondoka alfajiri, ikafika jioni. Wepesi huo usitufanye tuwaangukie ndugu zetu bila taarifa. Mjini hata mkaa hununuliwa, na vyumba ni vichache. Sisi wa uwanda wa Makonde, ambao mama zetu waliteremka mabondeni kuteka maji, twaijua thamani ya ndoo moja. Watoto wetu waiheshimu na ndoo ya mwenyeji. Tuchukue korosho na unga wa muhogo, na siku ya kurudi tuitaje wenyewe, tusingoje kuulizwa.